Joto la Leo Liliwekwa Jana Usiku



Majuma matatu yaliyopita tulipokea simu kutoka Tanga. Aliyepiga ni mama wa makamo, msomaji wa safu hii wa siku nyingi, na shida iliyomsibu haikuwa yake bali ya bintiye anayeishi Leicester, Uingereza. "Mwanangu anaitwa mfujaji," alituambia. "Mumewe asema anaunguza pesa za nyumba kwa umeme. Naye mwanangu ananiapia kuwa jioni watoto wanatetemeka kwa baridi. Wanangu, nimwamini nani?"

Hatukuwa na jibu, nasi hatukutaka kulitunga. Tulimwomba atuunganishe na wote wawili, mke na mume, tukawasikiliza kila mmoja kwa wakati wake. Tulichogundua ni kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mume alikuwa akiona nyumba yenye joto la tanuri. Mke alikuwa akiona nyumba ya barafu. Ilikuwa ni nyumba ile ile, ila saa ndizo zilizotofautiana.

Kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu, watoto au wakwe walioko Leicester, London, Birmingham, Milton Keynes na Northampton, na kwa kuwa kisa hiki kilikaribia kuvunja nyumba, tumeona juma hili tukieleze kwa kina. Si kisa cha tabia mbaya. Ni kisa cha chombo kilichotundikwa ukutani ambacho hakuna aliyewafundisha namna ya kukitumia.

Familia hii ilihamia mwezi Oktoba katika nyumba ya ghorofa ya sita. Hakuna gesi katika jengo hilo. Katika kila chumba kuna sanduku jeupe la bati, pana, lililo zito mno, limefungwa ukutani karibu na sakafu. Hiyo ndiyo hita ya kuhifadhi joto. Anayetoka kwetu, ambako joto ni la bure na kinachotafutwa ni upepo, hulitazama sanduku hilo akadhani ni kama pasi au jiko la umeme: ukiwasha lapata moto, ukizima lapoa. Sivyo hata kidogo.

Ili tuifahamu hita hii, hebu tuanze na jambo tunalolijua. Katika mitaa yetu mingi maji ya bomba hayatoki mchana. Hutoka usiku wa manane. Mama mwenye busara huweka pipa tupu chini ya bomba kabla ya kulala, likajaa usiku, na mchana kutwa familia ikachota humo. Hawezi kuamka saa kumi jioni akasema, "Sasa nataka maji," ikiwa jana usiku hakukinga. Na iwapo pipa lina bomba lake chini, naye akaliacha wazi usiku kucha, asubuhi atakuta uani kumelowa na pipa limebaki tupu.

Hita ya kuhifadhi joto ni pipa, na kinachokingwa humo ni joto. Ndani ya lile sanduku mmepangwa matofali mazito, aghalabu yenye madini ya chuma ndani yake, na kati ya matofali hayo zimepita koili za umeme. Usiku koili huwaka na kuyachemsha matofali mpaka yakafikia mamia ya nyuzi za Selsiasi. Nje yake umewekwa ukuta wa kuzuia joto lisitoroke upesi. Kisha umeme hukatwa, na matofali hukaa na joto lake, yakilitoa kidogo kidogo mchana kutwa. Hita kubwa huweza kupita kilo 100 kwa uzito, kwani joto jingi lahitaji tofali jingi.

Kwa nini usiku? Hapa ndipo penye siri ya bei. Sisi tuliozoea LUKU tunajua kwamba uniti ya usiku wa manane na uniti ya adhuhuri ni bei moja nyumbani. Uingereza walifika mahali pengine. Mitambo yao mikubwa ya makaa ya mawe, na ile ya nyuklia iliyoanza kuingia kazini baada ya kituo cha Calder Hall kufunguliwa mwaka 1956, haikuwa rahisi kuizima jioni na kuiwasha alfajiri kama kibatari. Viwanda vikifungwa na watu wakilala, umeme ulikuwa ukizalishwa ilhali wa kuutumia ni wachache. Ndipo mashirika ya umeme, ambayo wakati huo yalikuwa ya umma, yakatafuta mteja wa usiku. Hita za kuhifadhi joto zilienea tangu miaka ya 1960, na mwaka 1978 ukaja mpango uitwao Economy 7: saa saba za usiku kwa bei nafuu.

Lakini nafuu hiyo ina fidia yake. Mwenye mkataba wa namna hii kwa kawaida hulipa mchana bei iliyo juu kuliko ile anayolipa jirani yake mwenye bei moja kwa saa zote. Kwa hiyo mpango huu humfaa yule tu ambaye sehemu kubwa ya matumizi yake yamo usiku. Kipimo kinachotajwa mara kwa mara ni takriban asilimia 40 ya uniti zote au zaidi. Aliye chini ya hapo huenda analipia unafuu asioupata.

Saa zenyewe hutofautiana baina ya eneo na eneo. Mara nyingi huangukia kati ya saa sita na nusu usiku na saa moja na nusu asubuhi, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Tunalisisitiza hili la hesabu yetu, maana karatasi ya kampuni huandika kwa saa za Kizungu, na tumewahi kusikia mzee aliyesoma 7:30 ya asubuhi akadhani ni saa saba na nusu mchana. Aidha, saa nyingi za mita hazifuati desturi yao ya kusogeza saa mbele majira ya kiangazi. Kwa hiyo wakati huo dirisha la bei nafuu huonekana limechelewa kwa saa moja.

Yafaa pia tujue kwa nini hita hizi zimejaa katika majengo marefu ya kupangisha, ambako wageni na watu wa kipato kidogo ni wengi. Tarehe 16 Mei 1968, gesi ililipuka katika jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, na pembe nzima ya jengo hilo ikaporomoka, watu wakafa. Baada ya hapo gesi iliondolewa katika majengo mengi yaliyojengwa kwa mtindo ule, na umeme ukawa ndio njia ya kupasha nyumba joto. Familia haikuichagua hita hii. Iliikuta.

Sasa turejee Leicester. Juu ya kila hita ya aina ya zamani kuna swichi mbili za kuzungusha. Moja imeandikwa Input, na nyingine Output. Ya kwanza huamua ni kiasi gani cha joto kikingwe usiku. Ya pili huamua kiasi gani kitoke: hufungua kijidirisha cha ndani, hewa ikapita katikati ya matofali ya moto na kumiminika chumbani. Kwa lugha ya pipa letu, ya kwanza ni bomba la kujazia na ya pili ni bomba la kuchotea.

Walipohamia, walizikuta swichi zote mbili zimezungushwa mpaka mwisho, nao wakaziacha hivyo. Matokeo yake, usiku matofali yalikuwa yakijazwa huku joto likitoka. Alfajiri nyumba ilikuwa moto hata madirisha yakafunguliwa. Mume, ambaye hufanya kazi ya zamu ya usiku, alikuwa akirudi asubuhi akakuta madirisha wazi na hita zikifuka joto. Akalala mchana katika joto hilo, akaondoka magharibi. Yeye hakuwahi kuijua baridi ya nyumba yake. Mke aliporudi na watoto kutoka madrasa, pipa lilikuwa limekwisha kitambo.

Ndipo mke akanunua kihita kidogo cha feni cha kuchomeka ukutani. Bili ya kwanza ikaja, ikawatisha. Mume, kwa nia njema kabisa ya kubana matumizi, akaanza kuzima swichi ya ukutani ya kila hita kabla ya kwenda kazini jioni. "Nani anahitaji hita wakati watu wamelala?" alituuliza. Kwa kufanya hivyo alikuwa akilifunga bomba saa ile ile maji yanapotoka. Tangu siku hiyo matofali hayakupata joto hata kidogo, na kihita cha feni kikawa ndicho tegemeo la nyumba, kuanzia alasiri hadi watoto walale. Bili ya pili ikaja kubwa kuliko ya kwanza. Naye mama yake mume, aliyekuja kuwatembelea kutoka Unguja, akawa analala na makoti mawili, akikohoa, asiseme neno asije akaonekana mzigo.

Tuifanye hesabu, kwa bei za mfano tu, maana bei halisi hubadilika na kila mtu ana mkataba wake. Tuseme uniti ya mchana ni peni 30 na ya usiku ni peni 15. Kihita cha feni cha kilowati 2 kikiwaka saa tano kwa jioni moja hutumia uniti 10. Hizo ni pauni 3 kwa siku, pauni 90 kwa mwezi, tena kwa chumba kimoja na kwa jioni tu. Hita ya kuhifadhi joto yenye koili za kilowati 1.7, ikijazwa kwa saa zote saba, hutumia uniti 11.9. Kwa bei ya usiku hiyo ni chini kidogo ya pauni 1 na peni 80, nayo hutoa joto lake siku nzima. Uniti karibu ni zile zile, ila thamani yake si moja. Ni muhimu tulielewe hili: hita hii haizidishi joto wala haipunguzi umeme. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Faida yake yote imo katika saa ya kukinga, na asiyeichunga saa hiyo hana faida.

Tulimtafuta fundi umeme mmoja, mzee wa Kiswahili aliyeishi huko miaka mingi, akawatembelea baada ya sala ya isha. Aliyowafundisha tunayaandika hapa kwa kila mwenye ndugu aliye katika hali hiyo.

Kwanza, swichi ya ukutani ya hita isizimwe majira ya baridi. Huzimwa kiangazi tu, joto lisipohitajika. Hata ikiwa wazi mchana, hita iliyofungwa katika njia yake ya umeme wa usiku haivuti umeme mpaka saa yake ifike.

Pili, Output ifungwe kabla ya kulala, ibaki chini usiku na asubuhi, kisha ifunguliwe jioni pale watoto wanaporudi. Joto kidogo litatoka hata ikiwa imefungwa, maana hakuna pipa lisilovuja, lakini sehemu kubwa itakungoja.

Tatu, Input hupangwa kwa kutazama hali ya hewa ya kesho. Majira ya vuli yaanza, iwe chini. Baridi ikizidi, ipandishwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuipandisha mchana wakati mtu ametetemeka hakusaidii kitu leo, maana joto la leo liliwekwa jana usiku. Hita mpya, zinazouzwa tangu mwaka 2018, zina vidhibiti vya elektroniki vinavyofanya sehemu ya hesabu hii zenyewe, lakini kanuni ni ile ile.

Nne, mita isomwe. Mita ya namna hii huonyesha hesabu mbili, ya usiku na ya mchana. Ziandikwe zote mbili kabla ya kulala na tena asubuhi. Iwapo hesabu ya mchana ndiyo iliyopanda usiku, basi saa ya mita imepotea au hesabu zimegeuzwa, na kampuni ipigiwe simu siku hiyo hiyo.

Hili la mita lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Kwa miaka mingi, tangu muongo wa 1980, mita nyingi za Uingereza zilipokea amri ya kuwasha na kuzima kwa njia ya redio. Amri hiyo ilifichwa ndani ya mawimbi marefu ya BBC Radio 4, katika masafa ya kilohezi 198, yakirushwa kutoka Droitwich na vituo viwili vya Scotland. Msikilizaji wa taarifa ya habari hakusikia lolote, kumbe chini ya sauti ile maelfu ya hita yalikuwa yakiamrishwa. Mitambo hiyo imechakaa, na kuanzia tarehe 30 Juni 2025 huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu, eneo baada ya eneo. Ofgem, mamlaka inayosimamia nishati huko, imetahadharisha kwamba mita isiyobadilishwa huenda ikaacha hita zikiwaka muda wote, au zisiwake kabisa, au zikajijaza mchana kwa bei ya juu. Kwa hiyo aliye na kisanduku cheusi kilichoandikwa Radio Teleswitch kando ya mita yake asingoje. Na aliyepokea barua ya kuitwa kubadilishiwa mita asiitupe akidhani ni tangazo la biashara. Tunajua barua ngapi za Kiingereza hulala mezani bila ya kufunguliwa katika nyumba za wazee wetu.

Sisi Waislamu tuna faida moja katika saa hizi ambayo wengi hawaioni. Ramadhani kwa miaka hii inaangukia majira ya baridi ya Ulaya, na itazidi kuzama humo mpaka mwaka 2030, ambao utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, Januari na Disemba. Katika mikataba mingi ya Economy 7, bei ya usiku huhesabiwa kwa nyumba nzima, si kwa hita pekee. Basi saa ya daku ni saa ya bei nafuu. Maharage ya futari yakichemshwa wakati wa daku, yakapashwa tu magharibi, na nguo zikafuliwa wakati watu wako macho wakila, bili itaonyesha tofauti. Tunasema watu wakiwa macho kwa makusudi: mashine ya kufulia haifai kuachwa ikizunguka watu wote wamelala, kwani ajali za moto hutokea.

Na maji ya udhu pia. Nyumba nyingi za aina hii zina tangi la shaba lenye koili mbili. Ya chini huchemsha tangi zima usiku. Ya juu huchemsha sehemu ndogo ya juu mchana, kwa bei ya mchana. Ikiwa koili ya chini imezimwa kwa makosa, familia nzima hutawadha na kuoga kwa maji ya bei ghali pasi na kujua. Maji yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 hivi ili vijidudu visizaliane tangini, na tangi livikwe koti lake la kuzuia joto.

Katika usalama hatuna la kupunguza. Hita hizi hazifunikwi kwa nguo, taulo wala kanzu ya kukauka, hata kwa dakika chache. Zina kizimio cha dharura, lakini kizimio si leseni ya kuchezea moto. Kochi na pazia vikae mbali. Zisifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa baadhi ya zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina asbesto ndani yake, vumbi lake likiwa hatari kwa mapafu. Na mpangaji akumbuke kuwa hita iliyokufa ni jukumu la mwenye nyumba, alipeleke dai hilo kwa maandishi.

Je, yule mama wa Tanga tulimjibu nini? Tulimwambia mwanawe hakuwa mfujaji, na mkwewe hakuwa bahili. Israfu ilikuwepo kweli, kwani mali iliteketea na watu wakabaki na baridi, lakini haikuwa katika nia ya yeyote kati yao. Ilikuwa katika kutojua, kisha katika kutoulizana. Mume aliihukumu jioni ya mkewe kwa asubuhi yake mwenyewe. Lau angeomba siku moja ya mapumziko akakaa sebuleni kuanzia alasiri hadi isha, angeijua hali bila ya kuhitaji fundi wala gazeti.

Deni la bili mbili lingalipo. Wamekubaliana na kampuni kulilipa kidogo kidogo, na mama mzee ameandikishwa katika daftari la wateja wenye kuhitaji kipaumbele, jambo ambalo kila mwenye mzazi mkongwe nyumbani anastahiki kuliomba, tena bila malipo. Kikohozi chake kimepungua, alhamdulillah. Kihita cha feni kimewekwa kabatini.

Binti mwenyewe alitupigia simu juma lililopita. Alisema mumewe sasa, kabla ya kuondoka kwenda kazini, huzunguka chumba hadi chumba kuhakikisha swichi za ukutani zimewashwa, na kwamba usiku ule wa kwanza alimwomba radhi mbele ya mama yake. "Sikuhitaji zaidi ya hilo," alisema.

Wenye ndugu ughaibuni, ukurasa huu ukateni au upigeni picha, muwatumie. Juma lijalo, in shaa Allah, tutarejea nyumbani na kuzungumzia uhifadhi wa maji ya kisima wakati wa masika.